Hebroni ni mji wa nani? Mwongozo kamili wa kusoma mgawo wa nchi katika Yoshua 13–21

Mwulize aliyesoma Yoshua sura ya 15, atakwambia Hebroni ni mji wa Yuda. Aliyesoma sura ya 14 atasema ni wa Kalebu. Wa sura ya 20 atakujibu kwamba ni mji wa makimbilio, na wa sura ya 21 ataapa kuwa ni wa makuhani, wana wa Haruni. Wote wanne wamesoma sawasawa.

Wasomaji wengi wa Biblia wakifika sura hizi huruka. Majina ni mengi, hayatamkiki, na hakuna kisa. Wachache wanaovumilia hufungua ramani iliyo nyuma ya Biblia, wakaona kila kabila limepakwa rangi yake, mstari mmoja safi kati ya Efraimu na Manase, mwingine kati ya Yuda na Benyamini. Ramani hiyo ndiyo inayowapoteza. Urithi wa makabila ya Israeli haukuwa vipande vya kitenge vilivyoshonwa ukingo kwa ukingo. Ulikuwa tabaka juu ya tabaka: huyu ana eneo, yule ana mji ndani ya eneo hilo, wa tatu ana mashamba yanayouzunguka, na wa nne ndiye anayelala mle ndani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzisoma sura hizo tisa peke yake au na kundi, na kujua mji upi ulikuwa wa nani. Tenga jioni nne au tano. Unahitaji Biblia, daftari, penseli, na ramani ya nchi inayoonyesha milima, mabonde na mito bila rangi za makabila. Kama huna ila ile yenye rangi, itazame mwishoni, si mwanzoni.

Hatua ya 1: Tenganisha vikao vitatu vya ugawaji

Nchi haikugawanywa siku moja wala mahali pamoja. Sura ya 13 inarudia mgawo uliofanywa na Musa mashariki ya Yordani: Reubeni, Gadi na nusu ya kabila la Manase. Waliuomba wenyewe, kwa kuwa walikuwa na mifugo mingi na kule kulikuwa na malisho (Hesabu 32). Sura za 14 hadi 17 zinahusu Yuda na wana wa Yusufu, yaani Efraimu na nusu nyingine ya Manase. Kalebu anaonekana akidai haki yake Gilgali, mzee wa miaka 85. Kisha sura ya 18 inahamia Shilo, ambako makabila 7 yalikuwa bado hayajapata kitu.

Andika vikao hivyo vitatu juu ya ukurasa wa kwanza. Kikao cha Shilo ndicho kinachofanana zaidi na kazi ya wapima ardhi. Yoshua aliagiza watu watatu kutoka kila kabila wapite katika nchi, waiandike katika kitabu kwa mafungu 7 kufuata miji yake, warudi, ndipo kura ipigwe mbele za Bwana (18:4–10). Kura iliamua fungu lipi liende kwa nani. Ukubwa ulikuwa na kanuni nyingine: Hesabu 26:54 inasema walio wengi wapewe urithi mkubwa na walio wachache mdogo. Kanuni hizo mbili hazikukaa pamoja kila mara bila mvutano, na huenda mvutano huo ndio uliozaa miji mingi ya shirika tutakayoiona.

Hatua ya 2: Jua kama unasoma mpaka au orodha

Hizi ni aina mbili za maandishi, na kuzichanganya ndilo kosa la kwanza la wanaoanza.

Maelezo ya mpaka yamejaa vitenzi vya mwendo. Mpaka ulitoka, ulipanda, ulishuka, ulizunguka, mwisho wake ulikuwa baharini. Ni kama mzee anayemtembeza mjukuu wake kwenye kingo za shamba: kutoka mwamba ule, shuka na kijito, pita upande huu wa chemchemi. Orodha haina mwendo. Inataja mji, mji, mji, kisha inafunga kwa jumla: "miji kumi na miwili, pamoja na vijiji vyake."

Sasa angalia nani amepewa nini. Yuda na Benyamini wana vyote viwili. Efraimu ana mpaka bila orodha ya miji. Simeoni na Dani wana orodha bila mpaka. Ukiliona hilo, umeshapata dokezo: kabila lisilo na mpaka wake huenda linaishi ndani ya mpaka wa mwingine.

Fanya zoezi moja kabla ya kuendelea. Soma 15:5–9, halafu 18:15–19. Ni mpaka uleule kati ya Yuda na Benyamini, ila wa kwanza unatembea kutoka mashariki kwenda magharibi na wa pili unarudi. Katika 15:8 mstari unapanda bonde la mwana wa Hinomu, upande wa kusini wa Myebusi, yaani Yerusalemu, mji wa Wayebusi. Kwa hiyo Yerusalemu unabaki kaskazini ya mstari, upande wa Benyamini, na kweli 18:28 inauhesabu kwake. Lakini 15:63 inasema ni wana wa Yuda walioshindwa kuwafukuza Wayebusi, na Waamuzi 1:21 inasema ni wana wa Benyamini. Usiharakishe kulitatua. Uandike kwa penseli, tutaurudia.

Hatua ya 3: Chora safu tano

Hapa ndipo daftari linapoanza kazi. Chora safu tano: mji, uko ndani ya eneo la nani, umehesabiwa urithi wa nani, mashamba na vijiji ni vya nani, nani hasa anakaa ndani.

Jaza Hebroni kwanza, kwa sababu maandishi yenyewe yanakufanyia kazi. Eneo: Yuda. Urithi: Kalebu, aliyewafukuza wana watatu wa Anaki (15:13–14). Mashamba: 21:11–12 inasema wazi kwamba mji na malisho yake walipewa wana wa Haruni, lakini mashamba ya mji na vijiji vyake walimpa Kalebu. Wakazi: makuhani, jamaa za Kalebu, na yeyote aliyeua bila kukusudia akakimbilia huko. Mstari mmoja wa daftari, wenyewe watatu, na hakuna mgogoro, kwa kuwa kila mmoja anajua chake kinaanzia wapi.

Msomaji wa pwani yetu hatalishangaa hili. Huku mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu juu ya ardhi ambayo si yake, na wote wawili wakaelewana vizuri nani anaangua na nani analima chini. Anayeshangaa ni yule aliyezoea hati moja, jina moja.

Hatua ya 4: Anza na Simeoni

Simeoni ndiye mfano mwepesi kuliko wote, maana sababu imeandikwa. Kwa mujibu wa 19:9, fungu la Yuda lilikuwa kubwa mno kwao, kwa hiyo wana wa Simeoni wakapewa urithi katikati ya urithi wa Yuda.

Weka kidole kimoja kwenye 15:26–32 na kingine kwenye 19:2–7. Beer-sheba upo kote kuwili. Horma upo kote kuwili. Siklagi pia. Si makosa ya mwandishi. Orodha ya Yuda inahesabu kilicho ndani ya eneo lake, ya Simeoni inahesabu kinachomilikiwa.

Angalia na hesabu ya watu. Katika sensa ya kwanza Simeoni walikuwa 59,300 (Hesabu 1:23). Katika ya pili walikuwa 22,200 (Hesabu 26:14), wachache kuliko kabila lolote, wakati Yuda walikuwa 76,500. Kabila lililopungua kiasi hicho lisingeweza kulinda mpaka wake peke yake kule Negebu, nchi kavu ya kusini. Wapo wanaokumbusha pia maneno ya Yakobo katika Mwanzo 49:7, kwamba Simeoni na Lawi watatawanywa katika Israeli. Lawi alitawanywa kwa njia nyingine, tutaifikia.

Ufuate Siklagi hadi mwisho wake. Katika 1 Samweli 27:6 unakuta umo mikononi mwa Akishi, mfalme wa Gathi, naye anampa Daudi, na tangu hapo ukawa wa wafalme wa Yuda. Mji wa Simeoni, ndani ya Yuda, ukatawaliwa na Mfilisti, ukarudi kama mali ya nyumba ya kifalme. Ungeuweka rangi gani kwenye ile ramani?

Hatua ya 5: Wana wa Yusufu, na mji wa Tapua

Hapa nenda polepole. Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Soma 16:9, kisha 17:7–11. Utakuta mambo mawili. Kwanza, Efraimu wana miji iliyotengwa kwa ajili yao katikati ya urithi wa Manase. Pili, Manase nao wana miji ndani ya Isakari na Asheri. Kila ndugu amepenya kwa jirani yake wa kaskazini.

Tapua ndio ufunguo. Nchi ya Tapua ilikuwa ya Manase, lakini mji wa Tapua, uliokuwa mpakani, ulikuwa wa Efraimu (17:8). Ardhi ya huyu, nyumba za yule. Mstari unaofuata unaeleza kijito cha Kana: kusini yake kuna miji ya Efraimu kati ya miji ya Manase, na mpaka wa Manase uko kaskazini ya kijito. Katika daftari lako Tapua utajaza safu ya pili na ya tatu kwa majina tofauti, na la mashamba litarudi kwa Manase.

Kisha ile miji sita ya 17:11: Beth-sheani, Ibleamu, Dori, Endori, Taanaki na Megido. Itafute kwenye ramani yako isiyo na rangi. Mingi kati ya hiyo imeshika ukingo au milango ya bonde la Yezreeli, na Dori uko pwani ya bahari. Ni njia za misafara na za majeshi. Anayeshika miji hiyo ndiye anayeamua nani apite, na huenda ndiyo maana Manase walihesabiwa miji iliyokuwa katika maeneo ya majirani.

Lakini safu ya tano inatibua hesabu. Manase hawakuweza kuwatoa Wakanaani (17:12). Baadaye, Israeli walipopata nguvu, waliwatumikisha, wala hawakuwafukuza kabisa. Na wana wa Yusufu walipolalamika kwamba fungu ni dogo, sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: Wakanaani wa bondeni, wa Beth-sheani na Yezreeli, wana magari ya chuma (17:16). Yoshua hakuwaongezea kura nyingine. Aliwaambia wapande mlimani wakafyeke msitu. Jibu la mtu mzima kwa watoto wanaogombea kiti karibu na sufuria, nami kila nikilisoma hucheka.

Beth-sheani huo huo, uliohesabiwa kwa Manase, ndio ambao Wafilisti waliutundika mwili wa Sauli ukutani mwake (1 Samweli 31:10). Ni wakati wa Sulemani tu ndipo unaona Taanaki, Megido na Beth-sheani vimewekwa chini ya afisa mmoja, Baana mwana wa Ahiludi (1 Wafalme 4:12), mmoja wa maofisa 12 waliompelekea mfalme chakula kwa zamu ya mwezi.

Hatua ya 6: Ongeza Walawi juu ya kila kitu

Lawi hana eneo. Ana miji 48 iliyotolewa na ndugu zake wote (sura ya 21). Hesabu yake, kwa koo tatu za Lawi (Kohathi, Gershoni na Merari), inakwenda hivi: makuhani wa ukoo wa Kohathi 13, kutoka Yuda, Simeoni na Benyamini, Wakohathi waliobaki 10, kutoka Efraimu, Dani na nusu ya Manase, Wagershoni 13, kutoka Isakari, Asheri, Naftali na Manase wa Bashani, Wamerari 12, kutoka Reubeni, Gadi na Zabuloni. Kwa wastani ni miji minne kwa kabila, ila Yuda na Simeoni wametoa 9 kwa pamoja na Naftali 3. Angalia kwamba hata hapa Simeoni hana hesabu yake.

Walawi walipewa mji wa kukaa na malisho ya kuuzunguka. Hesabu 35:4–5 inatoa vipimo, dhiraa 1,000 kutoka ukutani na dhiraa 2,000 kila upande, na wafasiri wamebishana tangu zamani namna ya kuvipatanisha. Kwa daftari lako inatosha kujua kwamba malisho ni ya Walawi, na mashamba yaliyo ng'ambo ya malisho yanaweza kubaki kwa wenyeji, kama Hebroni ulivyoonyesha.

Sasa mrudie Taanaki. Kwa 17:11 uko Isakari au Asheri, umehesabiwa kwa Manase, na unakaliwa na Wakanaani. Sasa 21:25 inasema ni mji wa Walawi. Gezeri ni vivyo hivyo: mpakani mwa Efraimu (16:3), Wakanaani hawakuondoka (16:10), ni mji wa Walawi (21:21), na bado 1 Wafalme 9:16 inasema Farao aliuteketeza kwa moto, akawaua Wakanaani wake, akampa binti yake, mke wa Sulemani, uwe mahari. Ukipata mstari wa daftari usiotosha ukurasa, hujakosea.

Hatua ya 7: Miji inayotajwa mara mbili

Pitia orodha zote ukitia alama ya msalaba kwa kila jina linalojirudia kwa makabila mawili. Kabla ya kuamua kuna mgongano, jiulize mambo matatu: Je, ni mji wa mpakani? Je, kabila moja lilihama? Je, mji ulibadilisha mikono baadaye?

Sora na Eshtaoli vimo Yuda (15:33) na Dani (19:41). Dani walihama, hawakuweza kushika bondeni, wakapanda kaskazini wakaitwaa Leshemu na kuuita Dani (19:47). Nafasi yao ikabaki kwa jirani. Heshboni ni wa Reubeni katika 13:17, lakini Walawi wanaupokea kutoka kwa Gadi katika 21:39. Ni mji wa mpakani, soma 13:26.

Diboni ni mzuri zaidi, kwa kuwa una shahidi wa nje. Hesabu 32:34 inasema Gadi waliujenga Diboni na Atarothi. Yoshua 13:17 inaupa Reubeni mji wa Diboni. Mwaka 1868, huko Dhiban, Yordani ya leo, lilionekana jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mesha anaandika kwamba watu wa Gadi walikuwa wakikaa nchi ya Atarothi tangu zamani. Reubeni hamtaji kabisa. Adui wa Israeli aliyeishi hapo aliwajua Gadi.

Na Yerusalemu, ulioandika kwa penseli? Mpakani, ndani ya eneo la Benyamini, Yuda na Benyamini wakijaribu wote wawili, Wayebusi wakiwa ndani. Ulichukuliwa na Daudi na watu wake (2 Samweli 5:6–9), akauita mji wa Daudi. Andika hivyo katika safu ya tatu.

Njiani utakutana na jumla zisizolingana na majina. Orodha ya Negebu inasema miji 29 (15:32), nawe ukihesabu utapata zaidi ya 30. Ya Simeoni inasema 13 nawe utapata 14. Wengi huelewa Beer-sheba na Sheba kuwa mahali pamoja. Usipoteze jioni nzima hapo.

Hatua ya 8: Angalia urithi ulivyolindwa ndani ya kabila

Mpaka kati ya makabila ungeweza kuvunjwa bila vita, kwa ndoa tu. Binti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walidai fungu la baba yao aliyekufa bila mwana, wakapewa (Hesabu 27). Wazee wa ukoo wa Gileadi, wa kabila lao la Manase, wakaja na hoja nzito: wakiolewa kabila lingine, ardhi inakwenda nao. Hukumu ikawa waolewe ndani ya kabila la baba yao (Hesabu 36). Katika Yoshua 17:3–6 wanadai tena na kupokea, na Manase anapata mafungu 10 magharibi ya Yordani.

Watu huwachukulia dada hawa kama mfano tu wa mahubiri. Lakini mwaka 1910 wachimbaji wa Harvard huko Samaria walipata vigae vilivyoandikwa kwa wino, kumbukumbu za mvinyo na mafuta za karne ya 8 KK, na kati ya majina ya sehemu yaliyomo ni Noa na Hogla, pamoja na koo nyingine za Manase kama Abiezeri na Shemida. Majina ya mabinti yalikuwa yamekuwa majina ya wilaya, ofisini, kwenye hesabu za mitungi.

Ongeza Mambo ya Walawi sura ya 25 kwenye usomaji wako: ardhi haiuzwi moja kwa moja, ndugu wa karibu ana haki ya kuikomboa, na mwaka wa 50 inarudi kwa wenyewe. Nyumba ndani ya mji wenye ukuta ina mwaka mmoja tu wa kukombolewa, isipokuwa nyumba za Walawi, ambazo hukombolewa wakati wowote.

Hatua ya 9: Jipime kwa Anathothi

Funga kitabu cha Yoshua, fungua Yeremia 32, na ujaze mstari mmoja wa daftari bila msaada.

Yerusalemu umezingirwa na Wababeli. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi. Hanameli, mwana wa ami yake, anamjia: ninunulie shamba langu lililo Anathothi katika nchi ya Benyamini, kwa maana haki ya kulikomboa ni yako. Eneo: Benyamini. Urithi: makuhani, kwa Yoshua 21:18, na Yeremia mwenyewe ni wa makuhani wa Anathothi. Shamba: la ukoo wa Yeremia, na ndiyo maana linapelekwa kwake kabla ya mtu wa nje. Wakazi wakati huo: usikimbilie kujaza, kwa sababu majeshi ya Babeli yamezunguka nchi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi mbele ya mashahidi, anaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine ya wazi, na kumwagiza Baruku, mwandishi wake, azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi.